KURA si kura, na Bahati si bahati

Tangazo lilinijia likiwa limeandikwa kwa kalamu ya buluu kwenye karatasi iliyokunjwa mara nne. Aliyelileta alikuwa na sharti moja tu: "Weka herufi kubwa zote, lionekane kutoka barabarani." Nina kibanda cha kuchapa hapa Kisumu, hatua chache kutoka steji ya magari, na sharti hilo nalisikia karibu kila siku. Nikaifunga kibodi kwenye herufi kubwa, nikapiga: MKUTANO WA KURA NA WAKAZI, JUMAMOSI SAA NNE ASUBUHI. Nikatoa nakala ya kwanza na kuibandika ukutani ili mwenyewe aitazame akiwa mbali kidogo. Msichana aliyekuwa akingoja fotokopi ya kitambulisho akaisoma kwa sauti, kisha akanigeukia.

"Kwani kura ni lini tena, mbona hatujaambiwa?"

Hakukuwa na uchaguzi wowote. KURA ya kwenye tangazo ni mamlaka ya barabara za mijini, iliyopata kifupisho chake kutokana na jina lake la Kiingereza, na mkutano wenyewe ulihusu mtaro wa maji. Msichana alisoma vizuri. Aliyeharibu ni mimi: kwa kuifanya kila herufi kuwa kubwa, nilifuta alama ya pekee iliyotenganisha ofisi ya wahandisi na karatasi inayotumbukizwa sandukuni.

Shuleni tulifundishwa herufi kubwa kama tulivyofundishwa kuchomeka shati, kwamba ni unadhifu. Sentensi ianze nayo, jina la mtu lianze nayo, la mahali, la siku, la mwezi. Ukikosea, mwalimu anazungushia wino mwekundu na kukukata nusu alama. Hatukuambiwa kwamba ziko sentensi ambazo herufi hiyo ndiyo maana yenyewe, na ziko nyingine ambazo ukiiondoa hakipotei kitu ila huo unadhifu. Na kinachoamua ni sentensi ipi iko upande gani, kwa Kiswahili, ni ngeli na upatanisho wake.

Chukua neno uhuru. Ukiandika "tuliupigania uhuru" na "tulimpigania Uhuru", hata herufi kubwa ikidondoka njiani msomaji hapotei. Kiambishi -u- kinasema ni hali ya kujitawala. -M- kinasema ni mtu, na kwa Kenya ni mtu anayejulikana, rais wetu wa nne. Kitenzi kimeshamaliza kazi kabla jicho halijafika kwenye nomino. Sasa andika "barabara hii ilijengwa baada ya uhuru". Hapo kitenzi kinaizungumzia barabara, na "baada ya" haijali inafuatwa na nani. Kwa herufi ndogo, barabara ilijengwa baada ya 1963. Kwa herufi kubwa, huenda ilijengwa baada ya Uhuru Kenyatta kutoka Ikulu mwaka 2022. Miaka 59 inaning'inia kwenye herufi moja. Wapo wanaoandika uhuru wa nchi kwa herufi kubwa kwa kuutukuza, na mimi huniudhi kidogo, maana wanamnyang'anya msomaji msaada wa mwisho aliobaki nao.

Ukishaliona hilo mara moja, utalikuta kila ukurasa. Baada ya "na", "kwa", "ya" na "katika", upatanisho hunyamaza, na herufi ya kwanza inabaki kusema peke yake. "Alikuja na Neema" ni watu wawili mlangoni. "Alikuja na neema" ni mtu mmoja, labda ameleta habari njema. "Nilimaliza kazi kwa Subira" inataja nyumba ya mtu, "kwa subira" inataja moyo wa aliyefanya kazi. Bahati ndiyo imezidi wote. "Alifika kwa bahati" ni kudura. "Alifika kwa Bahati" ni nyumbani kwa mtu. Na ukiwa Nakuru unaweza kusema "alifika Bahati", maana Bahati ni eneo bunge katika kaunti hiyo. Nani akwambie "nilipata shamba Bahati" nawe uandike herufi ndogo? Utakuwa umemfanya mtu aliyenunua kwa jasho lake aonekane ameokota.

Majina ya mitaa yetu yamejaa mitego ya aina hii, kwa kuwa wengi waliyatunga kwa maneno ya kawaida. Bondeni ni mtaa wa Nakuru. "Anakaa bondeni" inaweza kuwa habari ya mtu wa kuhofiwa mafuriko. Milimani iko Nakuru, iko Kisumu, iko Kakamega, na kote ni mtaa wa nyua pana na milango ya chuma. Anayekaa milimani huenda analima vitunguu kwenye miteremko ya Elgon. Anayekaa Milimani, usimwulize kodi analipa ngapi, utaumia roho. Hapa kwetu kuna Mamboleo, palipo na uwanja ulioandaa sherehe za Madaraka za mwaka 2021, na kwa kuwa jina limeunganishwa, ni herufi kubwa na kukosekana kwa nafasi vinavyolitenga na mambo ya leo.

Lakini mfano ninaoupenda kuliko yote ni magharibi. Kisumu iko magharibi mwa Kenya. Fungua ramani uone. Ila Kisumu haikuwa kamwe katika Magharibi. Magharibi lilikuwa jina la mkoa, makao yake Kakamega, na ndani yake zimo kaunti za leo za Kakamega, Bungoma, Busia na Vihiga. Sisi tulikuwa Nyanza. Mikoa ilipisha kaunti 47 mwaka 2013, lakini watu bado wanaitaja kana kwamba ipo. Kwa hiyo "Kisumu iko magharibi" ni kweli tupu, na "Kisumu iko Magharibi" ni uongo, na hakuna hata neno moja lililobadilishwa. Nyanza yenyewe ina mambo yake: kwa herufi ndogo, nyanza ni ziwa. Mkoa uliitwa kwa kilichokuwa mbele ya macho.

Inafaa kukumbuka kwamba Kiswahili kiliishi karne kadhaa bila herufi kubwa hata moja. Washairi wa Pate, Lamu na Mombasa waliandika kwa hati za Kiarabu, na hati hizo hazina kubwa wala ndogo. Neema na neema zilifanana, na msomaji alitegemea ngeli, mizani na akili yake. Hati za Kilatini zilikuja kushika nafasi katika karne ya 19, wakati wa wamisionari kama Johann Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844, na herufi kubwa zikaja ndani ya sanduku hilo hilo. Tena hata huko Ulaya kanuni hazikubaliani. Mjerumani huandika kila nomino kwa herufi kubwa, meza na kiti na mvua. Tungemfuata yeye, "bahati" na "Bahati" zingelingana na tungebaki na ngeli zetu tu, kama enzi za Pate.

Jambo moja tulilolitatua wenyewe ni jina la lugha. Wazulu huandika isiZulu, kiambishi kidogo na mzizi mkubwa. Sisi tuliamua kikubwa kiwe kiambishi: Kiswahili, Kiluo, Kikisii, Mkenya, Wakenya. Kwa hiyo "kiswahili" ni kosa la wazi, hata kama nusu ya barua za maombi ya kazi ninazochapa zimeandikwa hivyo. Utata uko kwenye ki- ya namna. Kuku wa kienyeji hana herufi kubwa, mavazi ya kisasa hayana. "Anaongea Kizungu" naandika kubwa kwa kuwa ni lugha. "Anaishi kizungu" naandika ndogo kwa kuwa ni mwenendo. Si kila mhariri atakubaliana nami.

Turudi kwenye vifupisho, ndiko nilikoungua.

Kuna vifupisho vinavyosomwa herufi moja moja: KCSE, KRA, TSC, VVU. Hivi ukiviandika kwa herufi ndogo vinaonekana vimechakaa, lakini maana haiendi popote, kwa sababu hakuna neno la Kiswahili liitwalo "kcse". Kisha kuna vinavyotamkika kama neno. Kiswahili kinapenda silabi zinazoishia kwa vokali, na Wakenya wamejaliwa kuwa na nchi inayoanza kwa K. Matokeo yake taasisi nyingi zimejikuta na majina ya samani na wanyama. Nakuru kuna taasisi ya mafunzo ya viwanda inayofupishwa KITI. Mama akikutumia ujumbe kwamba "kijana amepata KITI Nakuru", amepata nafasi ya masomo. Akiandika "amepata kiti Nakuru", jamaa wataanza kufika na kuku wakidhani kijana amechaguliwa mwakilishi wa wadi. Mamlaka inayosimamia uwanja wa ndege wa Kisumu ni KAA. Bango likisema KAA KISUMU, je, ni ofisi, ama ni mtu anakusihi usihamie Nairobi?

Hapa ngeli inarudi kuokoa, ila si kwa usawa. Kifupisho cha taasisi kwa kawaida huchukua i-: KITI imefungua milango, KAA imetangaza zabuni. Kiti cha kukalia ni ki-: kimevunjika. Kaa wa kwenye maji ni a-: ametoroka kwenye ndoo. Kaa la moto ni li-: limezimika. Hata ukiandika zote kwa herufi kubwa, KAA LIMEZIMIKA haliwezi kuwa mamlaka ya viwanja vya ndege. Sasa ngoja uione bahati mbaya yangu. Kura ya uchaguzi nayo ni i-. Kura imeharibika, KURA imeharibu. Kura yasubiriwa, KURA yasubiriwa. Kati ya vifupisho vyote vinavyofanana na maneno, nilikutana na kile ambacho ngeli yake imelingana kabisa na ya neno pacha, na juu yake nikakiweka baada ya "wa", mahali ambapo upatanisho umelala. Kilichobaki ni herufi kubwa, nami nikaipa kila herufi.

Ndugu za KURA walikuwa na busara zaidi. Sheria ya barabara ya mwaka 2007 ilizaa mamlaka tatu: KURA ya mijini, KeNHA ya barabara kuu na KeRRA ya mashambani. Hiyo e ndogo katikati watu wengi huiona ni kosa la uchapaji na kuirekebisha. Si kosa. Inaonyesha kwamba Ke ni kipande cha neno Kenya, si herufi mbili za maneno mawili. Tena inasaidia: hakuna atakayelisoma KeRRA akadhani anakerwa, ingawa akilisikia tu redioni sina uhakika.

Baadhi ya magazeti yana mtindo wao: kifupisho kinachotamkika huandikwa kama jina la mtu, herufi ya kwanza tu ikiwa kubwa, Kemsa, Nema, Kura. Katikati ya sentensi mtindo huu ni safi na unapumzisha macho. Mwanzoni mwa sentensi unaanguka, kwa sababu hapo kila neno lina herufi kubwa. "Kura yazua mjadala Nakuru." Haya, ipi?

Na hata herufi kubwa zote zina kikomo. Mwaka 2017 mji huu ulikuwa wa NASA, muungano wa kisiasa. NASA hiyo hiyo ni shirika la anga la Marekani, lililoundwa mwaka 1958. Kitenzi "nasa" kinatengana nao kwa herufi, lakini hao wawili hawatengani kwa lolote isipokuwa habari inayozungumzwa. Afadhali FORD. Mzee wa Bungoma akikwambia "mwaka 1992 nilikuwa ndani ya FORD", alikuwa katika chama kilichoanzishwa mwaka uliotangulia kudai demokrasia na ambacho mwaka huo huo kilipasuka. Akiwa ndani ya Ford, alikuwa na gari.

Vifupisho vingine huzeeka na kuvua herufi zao kubwa. Ukimwi ulizaliwa kutokana na upungufu wa kinga mwilini, u na ki na mwi, na mabango ya zamani yaliuandika UKIMWI kama kengele ya hatari. Leo una ngeli yake, u-, unasemwa "umepungua, umeenea", na kwangu unastahili herufi ndogo kama malaria na kifua kikuu. NHIF, ile bima ya afya ya taifa, haikuweza kufika huko kwa sababu mdomo haukuweza kuitamka. SHA, iliyochukua nafasi yake Oktoba 2024, ina silabi moja nyepesi, na tayari watu wanakuja dukani kutaka nakala ya "kadi ya sha". Safari ndefu kuliko zote ameifanya rada. Alianza kama kifupisho cha Kiingereza cha maneno kadhaa, akawa neno, akaingia Kiswahili, na sasa vijana wa mtaa wa Kondele hapa Kisumu wanasalimiana naye: "Rada?" Mtu akiwaambia kwamba hiyo ni mitambo ya kutambua ndege watamcheka.

Mahali ambapo herufi hii inaweza kukuletea aibu ya kweli ni kwenye programu za mazishi. Neno ni bwana. Biblia ya Kiswahili ya Union huandika BWANA kwa herufi kubwa zote pale ambapo Kiebrania kina lile jina takatifu la Mungu, kwa hiyo Zaburi ya 23 huanza na BWANA. Bwana wa herufi moja kubwa ni Yesu, ama ni anwani ya barua. Bwana wa herufi ndogo ni mume. Wote watatu ni a-, wote hupendwa, hutumikiwa na kutegemewa, kwa hiyo kitenzi hakisemi lolote. Niliwahi kuchapa wasifu wa mama mmoja wa kanisani, na mkono uliozoea ukaandika: "Alimuuguza Bwana wake kwa miaka sita." Shemeji wa marehemu, mzee wa makamo, akaweka kidole juu ya mstari.

"Kijana wangu, huyu aliyeuguzwa ni kaka yangu. Alikuwa mtu mzuri, lakini si kiasi hicho."

Nikarekebisha bila kutoza.

Kwenye vipimo hali ni kali zaidi, kwa kuwa alama ya kipimo haina ngeli kabisa, na herufi ikikosea hakuna wa kuitetea. Mwanafunzi alileta kazi ya mradi iliyosema kituo cha umeme wa maji cha Sondu-Miriu kina uwezo wa 60 mW. Ni 60 MW. M kubwa ni mega, milioni. M ndogo ni mili, sehemu ya elfu. Kwa 60 mW, ambazo ni sehemu sita tu za mia za wati moja, maji yote yale yanayoporomoka yasingewasha hata balbu ya kusomea. Kati ya herufi hizo mbili kuna tofauti ya mara bilioni. W nayo ni kubwa kwa sababu imetokana na jina la mtu, James Watt, ijapokuwa ukiiandika kwa kirefu inarudi kuwa ndogo: wati. Ndiyo maana kipimo cha stima tunayonunua, kilowati-saa, huandikwa kWh, k ndogo, W kubwa, h ndogo, na si mapambo. Vivyo hivyo kwenye intaneti: Mb ni megabiti, MB ni megabaiti, na ya pili ni kubwa mara nane. Na atakayeandika onyo kuhusu jiko la makaa ndani ya chumba kilichofungwa, aandike CO, ile gesi ya sumu. Co ni kobalti, madini, nayo haijawahi kutoka kwenye jiko la mtu usiku.

Lile tangazo nililiandika upya mara mbili. Kwanza niliweka jina kwa kirefu, MAMLAKA YA BARABARA ZA MIJINI, herufi kubwa zote kama alivyotaka mwenyewe, na maneno yakawa mengi hata ikabidi maandishi yapunguzwe. Akasimama ng'ambo ya barabara, katikati ya boda boda, akatikisa kichwa: hayaonekani. Ya pili nikaandika "Mkutano wa KURA na wakazi", herufi ndogo zikiwa nene na ndefu kama kidole, na KURA peke yake ikiwa imesimama juu ya wenzake. Akarudi anacheka. Tukatoa nakala thelathini.

Yule msichana alikuwa ameshaondoka. Alikuja kutaka fotokopi moja ya kitambulisho, akachukua tatu, endapo uchaguzi ungekuwa wa kweli.